Barua Ndani ya Akala

Kwa zaidi ya miaka miwili nilitembea juu ya barua. Nilikuwa nimeikunja mara nne, nikaizungushia nailoni ya sukari, nikaiweka katikati ya vipande viwili vya tairi na kugonga misumari pembeni. Akala za soli mbili ni nzito, lakini hakuna aliyeniuliza. Fundi wa akala huvaa zile zilizomshinda kuuza, kila mtu anajua hivyo. Barua ilikuwa kwenye akala ya mguu wa kulia. Kila hatua niliyopiga niliikanyaga, na nilitaka kuikanyaga.

Ili nieleze barua hiyo ni lazima kwanza nieleze neno moja, na neno hilo lilianza na mama.

Baba alitangulia. Alikufa kwa homa huko Longech, alikokwenda kukausha samaki, nasi tukabaki na mama Lodwar, upande wa Nawoitorong, watoto watatu. Mimi ndiye mkubwa, nikiwa darasa la sita. Mama alisuka vikapu vya majani ya mkoma. Miaka ya tisini ilipoanza, tumbo lilianza kumsumbua, akaacha kusuka, akaacha kula, tukampeleka hospitali. Alilala huko wiki nzima. Asubuhi moja nilimpelekea uji, nikakuta kitandani pake mwanamke mwingine.

Nilimuuliza nesi. Alikuwa mtu mwema, ila alikuwa na haraka, mikono imejaa.

"Mama yako amerifiwa."

"Amefanywa nini?"

"Amerifiwa. Kitale. Gari imeondoka saa kumi na moja."

Alilisema kama mtu anavyosema amelala, au amekula. Nilikuwa na Kiingereza cha darasa la sita, na neno hilo halikuwemo. Nilirudi nyumbani na uji wangu, nikawaambia wadogo zangu kwamba mama amerifiwa. Yule wa mwisho, msichana, alikuwa na miaka minne au mitano. Akaniuliza, "Inauma?"

Nikamwambia haiumi.

Mama hakurudi. Alizikwa hukohuko Kitale, mbali na kwetu, na habari ilitufikia kwa dereva wa lori. Mwaka uleule mume wa jirani yetu alirifiwa, naye hakurudi. Kisha mtoto wa mtaa wa nyuma. Hatukujua kwamba waliopona walipona hapahapa Lodwar, na waliopelekwa mbali walikuwa wale ambao hali zao zilikuwa zimeharibika tayari. Sisi tuliona gari tu, na tuliona kwamba gari hurudi tupu. Basi mtaani kwetu neno lile likawa letu. Watu walilitamka kwa sauti ya chini. Jirani yetu mzee, ambaye sote tulimwita ata, yaani nyanya, alikuwa akisema, "Mimi nikiugua, mniache hapa kwa mkeka yangu. Heri kufa kuliko kurifiwa."

Mjomba alikuja kutoka Lokori akamchukua mdogo wangu wa kati, akamsaidie mbuzi na duka. Yule wa mwisho hakukubali kwenda. Alishika shati langu mpaka likachanika, mjomba akacheka, akasema, "Huyu ni wako." Ndivyo ilivyokuwa. Katikati ya muhula wa pili niliacha shule. Mzee mmoja sokoni alinifundisha kukata akala, na alipochoka macho aliniachia kisu, nyundo na kigogo cha kukalia.

Nilijiwekea neno moja: huyu atasoma. Yale niliyoyaacha darasa la sita atayapita yeye. Kila asubuhi nilimpeleka mpaka lango la shule, nikasubiri aingie, ndipo nikaenda sokoni.

Darasa la kwanza na la pili alikuwa hodari. Alirudi nyumbani akiimba kila kitu. Masikio yake yalikuwa yakitoa usaha tangu alipokuwa akitambaa. Yalikauka, yakarudi, yakakauka. Watoto wengi wa kwetu walikuwa hivyo na hatukuuita ugonjwa. Ulikuwa uchafu wa utoto, kama kamasi. Nilifuta kwa kitambaa, basi.

Alipoingia darasa la tatu alikuwa amerefuka, wakamhamishia nyuma ili asiwazibe wengine. Muhula huo nyimbo zilipungua. Kisha siku moja alikuja mbio mpaka kigogoni pangu, vumbi hadi magotini.

"Kaka, mwalimu amesema mimi ni slolana."

"Ni nini hiyo?"

"Sijui. Ameandika kwa kitabu."

"Alikuwa amekasirika?"

Alifikiri. "Hapana. Amesema vizuri."

Nikadhani ni cheo, kama monita au kiranja wa usafi. Nilikuwa na mpira mwekundu wa tairi la ndani niliokuwa nimeutunza, nikamkatia akala mpya zenye mikanda myekundu. Na tangu siku hiyo, asubuhi nikimwamsha, nilimwita hivyo. "Slolana wetu, amka, jua limetoka." Naye alicheka. Watoto wa shule nao walimwita hivyo, naye akaitika kwao pia, ingawa nadhani baada ya muda alijua kicheko chao si kama changu. Hakuniambia.

Mwisho wa muhula tuliitwa mkutano wa wazazi. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Mwalimu wa darasa la tatu alikuwa kijana kutoka kusini, mwenye bidii, na alikuwa ametoka semina. Maneno yalikuwa yamemjaa hata yakawa yanamwagika. Alizungumza juu ya malengo mahususi na tathmini endelevu, juu ya skimu ya kazi na mtoto kama kitovu cha ujifunzaji. Tulitikisa vichwa. Kisha akasema kwa huzuni, "Wazazi, tatizo letu kubwa ni kwamba muhula huu hatujakava silabasi."

Ata, aliyekuja kwa ajili ya mjukuu wake, aliinua mkono, akaanza kwa salamu ya kwetu. "Mwalimu, ejok. Hiyo silabasi, kwa nini hamfuniki?"

"Samahani, nyanya?"

"Unasema hamjakava. Mwaka jana pia mwalimu ingine alisema hamjakava. Kama mnakosa ngozi, mimi nitaleta ya mbuzi. Isikae nje hivyo, itaharibika."

Darasa zima lilicheka, na ata akacheka kuliko wote, maana alikuwa mjanja na sijui hata leo kama hakuelewa au aliamua kutoelewa. Mwalimu alicheka pia, akafuta jasho. Nakumbuka kicheko hicho kwa sababu ndicho cha mwisho nilichocheka ndani ya shule ile.

Watu walipotoka aliniita. Tulisimama karibu na ubao.

"Wewe ndiye gadiani?"

"Mimi ni kaka yake. Wazazi hawako."

"Pole. Sasa, kuhusu huyu mtoto. Tumemfanyia obsaveshoni kwa muhula mzima. Ni slow lana, lakini mimi siamini kwamba tatizo ni uwezo. Naona shida iko upande wa resepsheni."

Alipolitamka polepole ndipo nililisikia. Neno la kwanza lilikuwa kwenye Kiingereza changu: slow, mzito. Nilisikia uso ukiwaka. Nilikuwa nimemwamsha mtoto kwa neno hilo miezi miwili.

"Mwalimu, unasema ni mjinga?"

"Hapana, hapana. Hatutumii neno hilo siku hizi. Ndiyo sababu sitaki kumpa lebo. Nimeongea na ofisi ya elimu, wamekubali. Tunamrifa."

Nilishika ukingo wa dawati. "Mnamfanya nini?"

"Tunamrifa. Kitale. Kwa asesmenti."

"Kitale?"

"Ndiyo. Kuna gari ya ofisi, Ijumaa. Haina gharama. Una bahati, maana nafasi ni chache."

"Mwalimu, kwani huyu mtoto ni mgonjwa?"

Hapo ndipo mambo yote yalipokaa. Kama angesema wakati huo, "Nadhani masikio yake hayasikii," ningempakia mgongoni na kwenda Kitale kwa miguu. Lakini alikuwa amefundishwa kuwa mwangalifu. Aliangalia dirishani, akatafuta maneno, akayapata.

"Siwezi kutamka hali yake kabla ya asesmenti. Mimi si mtaalamu. Ila usichelewe, kaka. Mambo haya yakichelewa huwa hayarudi."

Akanipa barua. Ilikuwa ya Kiingereza, imepigwa chapa, ina mhuri. Niliisoma nikiwa njiani, maneno niliyoweza: jina la mdogo wangu, darasa, na neno lile lenyewe, nililolitambua kwa sababu niliwahi kuliona kwenye karatasi ya mama, iliyobaki ikining'inia kitandani asubuhi ile. Hayo mengine yalinipita. Ningeweza kumpelekea mtu anisomee. Mji ulikuwa na makarani. Lakini nilikuwa na hakika najua barua inasema nini, na mtu mwenye hakika haombi kusomewa.

Nilimtazama mtoto usiku ule na siku iliyofuata. Alikula. Alicheza. Hakuwa na homa. Nikajiambia ugonjwa gani huu ambao hata mwalimu anaogopa kuutaja. Mama naye alikuwa akitembea hadi wiki ya mwisho.

Alhamisi nilitengeneza akala za soli mbili. Sikuthubutu kuichoma barua, kwa sababu ya mhuri wa serikali. Sikutaka kuiacha nyumbani pia. Kuikanyaga kulionekana jambo la sawa. Ijumaa, kabla ya saa za ofisi, tulipanda lori lililokuwa likipeleka mahindi kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Alikaa juu ya magunia, akala zake nyekundu zikining'inia, akaniuliza tunaenda wapi. Nikamwambia tunakwenda kuishi mahali penye miguu mingi.

Hilo halikuwa uongo. Watu walikuwa wanafika Kakuma kutoka Sudani kila wiki, wengine wametembea hadi nyayo zimekuwa ngozi nyingine. Nilikaa kando ya njia iendayo kambini na kazi haikukatika. Mdogo wangu alikaa karibu nami akinyoosha misumari. Sikumpeleka shule. Nilisema moyoni, mwaka mmoja upite, ugonjwa wenyewe utajionyesha au utaondoka. Mwaka ukapita, nikaongeza mwingine. Alikuwa hai, na mimi nilihesabu hilo kuwa ushindi wangu. Kwamba alikuwa akizungumza kidogo zaidi kila mwezi, na kwamba maneno yake yalikuwa yakipoteza ncha, niliona ni uyatima tu. Kwamba nililazimika kumgusa bega ndipo ageuke, niliona ni ukaidi. Mara kadhaa nilimgombeza kwa ukaidi huo. Mara moja nilimpiga.

Mteja wangu mmoja alikuwa mwalimu wa kambini, Mdinka mrefu, mwembamba, aliyefundisha watoto wengi mno kwenye jengo la udongo. Hakuwa amesomea ualimu. Alikuwa ameishia kidato cha pili huko kwao vita vilipoanza. Kiswahili chake alikiokota njiani na kukichanganya na Kiarabu cha Juba. Alikuja kutafuta akala kubwa kuliko zote nilizonazo.

"Ndugu, hii mguu yangu ni mtumbwi," alisema. "Utamaliza tairi ya lori."

"Nitakukatia. Lakini si kwenye hili," nikamwambia, "hili lina waya ndani."

"Waya ni mbaya?"

"Baada ya miezi waya hutokeza na kukuchoma mguu. Lile la nyuzi halichomi."

Ndivyo nilivyozoea kuwaambia wateja. Mafundi tukiwa peke yetu tulisema tu la waya, la nyuzi, na ilitosha. Lakini mteja hajui. Ukimwambia "la waya" anafikiri umemsifia uimara. Lazima umwambie juu ya mguu wake.

Alikaa juu ya debe nikimpima. Mdogo wangu alikuwa ametupa mgongo, ananyoosha misumari juu ya jiwe. Mwalimu yule akamwita, "We binti." Akamwita tena. Kisha akanitazama, akachukua nyundo yangu, akainuka na lile debe alilokalia, akalipiga kwa nguvu nyuma ya kichwa cha mtoto. Mbuzi wa jirani waliruka. Mimi niliruka. Mtoto aliendelea na msumari wake.

Akaweka nyundo chini polepole sana.

"Ndugu," akasema, "huyu hasikii."

Maneno mawili tu. Niliyasubiri yaendelee, hayakuendelea.

"Ni mkaidi," nikasema.

"Hapana. Masikio imefunga. Mimi niko nao kama huyu watano kwa darasa yangu. Nawaweka mbele, naongea nikiwaangalia. Tangu lini?"

Nilijua tangu lini kabla hajamaliza kuuliza. Nilivua akala ya kulia, nikaipachua kwa koleo, msumari baada ya msumari. Nailoni ilikuwa imetoboka upande wa kisigino na jasho limeingia. Kona moja ya barua ilikuwa imekuwa unga. Katikati palisomeka. Nilimpa, nikamwambia, "Nisomee. Yote."

Alisoma kimya kwanza, midomo ikichezacheza, kisha akanisomea kwa Kiswahili chake kibovu, na sijawahi kusikia Kiswahili kilichonyooka kuliko hicho.

"Inasema: huyu mtoto ana akili. Mimi mwalimu yake nafikiri hasikii vizuri. Tafadhali mpime masikio. Mpatie dawa. Kama dawa haiwezi, iko shule ya watoto hawa, mpatie nafasi." Akageuza karatasi. "Hapa iko tarehe. Ndugu, hii ni zamani."

"Na neno hili?" Nikaliwekea kidole.

"Hii? Ni mpeleke. Mpeleke kwa mtu anajua."

"Mpeleke tu?"

"Mpeleke tu."

Akaona uso wangu, akasema "malesh", neno lao la pole, na hakuondoka hadi jua lilipoegemea, ingawa akala zake zilikuwa tayari.

Hospitali tulikwenda kesho yake. Safari hii nilimwambia nesi kabla hajafungua mdomo: niambie kwa maneno ya mtu wa kawaida. Akaniambia. Ngoma za masikio zimelika kwa usaha wa miaka. Sikio la kushoto limekufa. La kulia lina kidogo, na dawa itazuia lisipungue, lakini haitarudisha. "Angeletwa akiwa darasa la tatu," alisema, kisha akageukia kuandika dawa. Hilo moja angeweza kuniambia kwa maneno magumu, nisingelalamika.

Mdinka alimchukua darasani kwake, akamweka mbele. Alikuwa mkubwa miongoni mwa wadogo, na alijitahidi, na mwalimu alimgeukia kila aliposema. Alirudia herufi alizokuwa amezisahau. Alifika darasa la nne. Kisha mwalimu yule akapata safari ya kwenda nchi ya mbali, na aliyekuja baada yake aliongea akiwa ameelekea ubao. Mdogo wangu alivumilia muhula mmoja. Siku moja nilimkuta amekaa kigogoni pangu, kisu mkononi, tairi magotini. Sikumlazimisha. Shule ya watoto wasiosikia niliiulizia, wakasema wanapokea wadogo tu.

Ata alipita Kakuma mwaka huo kuuza mikeka, akatuona. Alishika uso wa mdogo wangu kwa mikono miwili, akamtemea baraka. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. Ile Ijumaa gari la ofisi lilikuja hadi mlangoni petu. Mwalimu alishuka mwenyewe, amevaa tai, amebeba mfuko wa ndizi ambazo mtoto angekula njiani. Alipiga hodi sana. Alikaa kizingitini hadi dereva alipopiga honi mara ya tatu.

"Ningejua mko wapi ningemwambia," ata akasema. "Lakini hata mimi nilifurahi. Nilisema moyoni, wamemponyoka."

Sikumchukia mwalimu yule na simchukii. Alikuwa mmoja wa watu wachache waliomtazama mdogo wangu kwa muhula mzima na kuona. Alijua jambo, na alilifunika kwa uangalifu kama alivyofundishwa, nami nikalifunika mara ya pili kwa tairi.

Barua nilitaka kuichoma. Mdogo wangu aliikuta kwenye kopo la misumari kabla sijafanya hivyo, akakaa nayo, kidole kikitembea chini ya mistari. Kwa wakati huo alikuwa anasoma kidogo. Alitambua jina lake. Akafika kwenye lile neno, akanigusa goti, akauliza kwa sauti yake nzito ambayo wageni hawaielewi:

"Hii?"

Nikasogea mbele ili anione. "Mpeleke."

Alirudi kwenye karatasi, akalitazama tena, kisha akanitazama mimi.

"Mbona hukunipeleka?"

Nilikuwa na maelezo marefu. Mama, gari la alfajiri, mtaa mzima. Nilikuwa nimeyapanga kwa miaka. Lakini mtu anayesoma midomo huchoka na maelezo marefu. Nikachagua neno moja, nikalisema polepole, mdomo wazi, ili alione lote.

"Niliogopa."

Aliangalia mdomo wangu kwa muda, kama anasubiri kuona kama kuna zaidi. Halafu akaikunja barua kwenye mikunjo yake ileile, akairudisha ndani ya kopo, akachukua nyundo.